Nyumba Mbili za Sultani Majid: Historia ya Nyumba za Kale za Dar es Salaam Sokoni

Boma la Kale na Nyumba ya Atiman, zilizoko Barabara ya Sokoine mbele ya bandari ya Dar es Salaam, ndizo nyumba kongwe zaidi zinazojulikana katikati ya jiji. Zote mbili zilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boma lilirithiwa na kila dola iliyoutawala mji huu, na likakarabatiwa upya mwaka 2017. Nyumba ya Atiman iliuzwa mwaka 1922 kwa shirika la wamisionari. Kati ya nyumba hizi mbili na bei ya ardhi inayozizunguka kuna historia ndefu ya nyumba zilizopigwa mnada, zilizotaifishwa, zilizobomolewa na chache zilizookolewa.

Kabla ya Majid, mahali hapa palikuwa na kijiji cha Mzizima, makazi ya Washomvi na Wazaramo walioishi kwa uvuvi na kilimo kaskazini mwa lango la bandari. Bandari yenyewe haikuwa na mji. Mlango wake ni mwembamba na unapinda, kisha maji yanafunguka ndani kuwa bwawa pana lenye kina, lililokingwa na upepo pande zote. Majid, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1856, aliona humo fursa tatu kwa pamoja. Alitaka bandari ya bara itakayopokea misafara ya pembe za ndovu bila kupitia Bagamoyo, ambako pwani ni ya mchanga na vyombo vilitia nanga mbali na nchi kavu. Alitaka ardhi ya mashamba. Na alitaka makao yaliyo mbali na Unguja, ambako makonseli wa Ulaya walifuatilia kila hatua yake na ambako mdogo wake Barghash alikuwa amejaribu kumpindua mwaka 1859.

Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1860. Jumba la Sultani lilipandishwa ukingoni mwa bandari, na kando yake ikajengwa nyumba ya wageni wake. Nyumba hiyo ya wageni ndiyo leo inaitwa Boma la Kale. Hatua chache kutoka hapo ilijengwa nyumba ambayo leo inaitwa Nyumba ya Atiman, na ambayo masimulizi ya mji yanasema ilikuwa ya mmoja wa wake za Majid. Mnamo Septemba 1867 Sultani aliandaa karamu kubwa katika mji wake mpya na kuwaalika makonseli wa mataifa ya kigeni kutoka Zanzibar. Waliokuja na merikebu walikuta mji wenye barabara chache, nyumba kadhaa za mawe na minazi michanga iliyokuwa imepandwa karibuni.

Nyumba za namna hii zina kanuni zake, na anayezielewa anaelewa pia kwa nini kuzitunza ni kazi nzito. Jiwe la matumbawe huchimbwa ufukweni au kwenye miamba ya kale ya nchi kavu. Ni jepesi, limejaa vitundu, na halichongeki kwa pembe kali kama jiwe la kijivu la milimani. Kwa hiyo kuta hujengwa nene, kwa vipande visivyolingana vilivyoshikwa na udongo mwekundu na chokaa, kisha hupigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, kuizima kwa maji na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake humwagwa mawe madogo na chokaa iliyoshindiliwa kwa fimbo mpaka ikaze. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, vyenye upana wa takriban mita tatu. Boma la Kale lina umbo hilo hilo, pamoja na mlango wa mbao ulionakshiwa kwa mtindo wa Zanzibar na ukuta wa juu uliokatwa meno meno, kama wa ngome.

Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870, mji wake ukiwa haujakamilika. Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu ya kuendeleza ndoto ya kaka yake. Akarudisha nguvu zote Unguja. Wageni waliofika Dar es Salaam miaka ya 1870 walikuta majengo yakianza kuchakaa, na wakazi waliobaki, wakiwemo Waarabu wa Hadhramaut na wafanyabiashara wachache wa Kihindi, wakiishi kwa biashara ndogo ya nazi, sandarusi na mpira. Mwaka 1877 mfanyabiashara wa Kiskoti William Mackinnon alianzisha barabara ya kuelekea maziwa makuu kutoka hapa, lakini kazi ilisimama baada ya miaka michache, barabara ikiwa bado haijafika mbali. Kwa karibu miaka 17 nyumba za mawe za Majid hazikuwa na kazi ya kueleweka. Jumba la Sultani halikupona: leo halipo. Nyumba ya wageni ilipona.

Sababu ya kupona kwake ni rahisi. Mwaka 1887, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipofungua kituo chake Dar es Salaam, ilihitaji paa imara la kuanzia kazi, na majengo ya mawe yaliyokuwa tayari yalikuwa machache mno. Vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim mwaka 1888 na 1889 viliongeza thamani ya kuta nene. Nyumba iliyojengwa kuwalaza wageni wa Sultani ikawa ofisi ya utawala na ulinzi, na hapo ndipo ilipolipata jina la boma. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo na kuyaleta Dar es Salaam, na mji uliokuwa umesahauliwa ukaanza kupimwa viwanja.

Upimaji huo ndio chanzo cha soko la nyumba ambalo jiji linalo hadi leo. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1891 iligawa mji kwa aina ya majengo. Upande wa mashariki, kuelekea bahari kuu, ziliruhusiwa nyumba za kifahari zenye nafasi na bustani, zilizokusudiwa Wazungu. Katikati, nyuma ya bandari, ziliruhusiwa nyumba imara zilizobanana, na hapo ndipo Uhindini ilipokua. Magharibi zaidi ziliruhusiwa nyumba za miti, udongo na makuti za Waafrika. Amri ya ardhi ya mwaka 1895 ikatangaza kuwa ardhi yote ambayo serikali iliihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola. Waliokuwa na uwezo wa kununua viwanja wakati huo walinunua kwa wingi. Tajiri wa Bagamoyo Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa nyumba na viwanja vya mji. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya watu wa kawaida ambayo kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake.

Wajerumani walijenga kwa kasi: Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka huo huo, na kanisa la Kilutheri la Azania Front likafuata muda mfupi baadaye. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Boma jipya, kubwa na lenye nafasi, lilipojengwa jirani, lile la zamani likabaki na kazi ndogo ndogo za serikali. Halikubomolewa kwa sababu lilikuwa bado linafaa, na kwa sababu katika mji wenye nafasi tele hakuna aliyekitamani kiwanja chake.

Vita Kuu ya Kwanza ilibadili wamiliki. Manowari za Uingereza zilipiga mji kwa mizinga mwaka 1914 na kuharibu jumba la gavana, na majeshi ya Uingereza yakaingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Baada ya vita, mali za Wajerumani zilishikwa kama mali za adui na kupigwa mnada: nyumba, maduka, mashamba na viwanja. Ulikuwa uhamisho mkubwa wa majengo, wa aina ambayo mji huu haukuuona tena mpaka mwaka 1971. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao katika miaka michache wakawa wamiliki wa sehemu kubwa ya katikati ya mji. Katika kipindi hicho hicho cha kuuza na kununua, mwaka 1922, serikali ya Uingereza iliiuza ile nyumba ya zamani ya Majid kwa Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki ambalo Waswahili waliliita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao.

Mnunuzi huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Mapadre Weupe walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie, na msafara wao wa kwanza uliingia bara mwaka 1878 kupitia Bagamoyo. Misheni zao zilikuwa mbali kabisa na pwani, Tabora, Karema, Bukoba na kwingineko magharibi. Tangu reli ilipofika Kigoma, njia ya kwenda huko ilianzia kwenye gati la Dar es Salaam na stesheni iliyo karibu nalo. Nyumba ya mawe kati ya gati na stesheni ilikuwa sawa na mahitaji yao: pa kumpokea padre anayeshuka melini, pa kuhifadhi masanduku, pa kumpumzisha mgonjwa anayesubiri meli ya kurudi. Walinunua nyumba ya kutumia. Hawakuinunua ili waiuze tena, na tofauti hiyo ndiyo iliyoiokoa.

Jina la Atiman lilikuja baadaye, na linastahili maelezo marefu zaidi kuliko inavyopewa katika vitabu vya watalii. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto na kuvushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Mapadre Weupe walimkomboa Algeria na kumpa elimu, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Alioa hapo, akazaa, akamwona mwanawe akipewa upadre, na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa karibu miaka 70 watu wa Ufipa na Ubende walitembea siku nyingi kumfuata. Nyumba iliyojengwa na Sultani ambaye hazina yake ilitegemea ushuru wa misafara na jasho la watumwa wa mashambani, sasa ina jina la mtu aliyeuzwa utotoni. Katika mji ambao majengo mengi yamebadilishwa majina kwa amri za serikali, jina hili ni kati ya yale yaliyopatikana kwa haki.

Wakati Nyumba ya Atiman ikitulia mikononi mwa wamisionari, mji uliizidi kimo. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950 Uhindini ilijengwa upya kwa saruji: duka chini, makazi juu, roshani ikitazama barabara, na juu ya paji la jengo mwaka wa ujenzi pamoja na jina la familia. Nyumba hizo bado zinaonekana katika mitaa ya India, Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu, ingawa kila mwaka zinapungua. Kariakoo ilikuwa na historia tofauti. Eneo hilo lilipimwa kuwa makazi ya Waafrika mwishoni mwa utawala wa Kijerumani. Wakati wa vita Waingereza walilitumia kwa wapagazi wa jeshi, na kutoka kwa jina la kikosi hicho likapata jina lake. Baada ya vita jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelisimamisha hapo likageuzwa soko. Nyumba zake zilikuwa za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Wenye nyumba wengi, wakiwemo wanawake waliojenga kwa fedha zao wenyewe, walipangisha chumba kimoja kimoja, na kodi ya vyumba ikawa mtaji wa Waafrika wa mjini. Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa katika mtaa huu, kwenye jengo la barabara ambayo sasa inaitwa Lumumba.

Uhuru ulileta sheria mbili zilizogusa kila nyumba ya zamani. Ya kwanza, ya mwaka 1963, iliondoa umiliki wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni na kuugeuza kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Tangu hapo, anayenunua nyumba Dar es Salaam hanunui ardhi, ila haki ya kuikalia kwa muda uliotajwa kwenye hati. Ya pili, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya Aprili 1971, ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote. Majengo yapatayo 2,900 nchini yalitwaliwa, karibu yote yakiwa ya watu wenye asili ya Asia, na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba.

Ndani ya sheria hiyo ya 1971 kulikuwa na kifungu ambacho hakijadiliwi vya kutosha. Fidia ilihesabiwa kwa umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka 10 halikulipwa chochote. Sababu yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshavuna gharama zake kwa kodi. Kwa upande wa haki ya mpangaji hoja hiyo ina uzito wake. Lakini matokeo yake kwa majengo yalikuwa mabaya: nyumba za miaka ya 1920 na 1930, zile zenye nakshi na roshani, ziliingia kwenye vitabu vya serikali zikiwa na thamani ya sifuri, na kilichobaki na thamani kilikuwa kiwanja. Kodi zilizopangwa kuwa nafuu hazikutosha kurudisha fedha za matengenezo. Paa likivuja, mpangaji alimsubiri Msajili, na Msajili alisubiri bajeti. Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwepo tangu 1962, na shirika hilo likarithi mitaa mizima ya nyumba zilizochakaa katikati ya jiji.

Uchumi ulipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990, viwanja vikaanza kusema. Jiji lililokuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967 lilifika watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na kila mfanyabiashara mkubwa alitaka kuwa karibu na bandari au Kariakoo. Nyumba ya ghorofa mbili ya Uhindini inakaa juu ya kiwanja kinachoweza kubeba ghorofa 16. Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo inakaa juu ya kiwanja kinachoweza kubeba fremu kadhaa za maduka chini na nyumba za kupanga juu. Njia iliyozoeleka Kariakoo ni ubia: familia inatoa kiwanja, mfanyabiashara anatoa fedha, jengo likikamilika wanagawana ghorofa kwa mkataba. Familia nyingi zimenufaika kwa njia hiyo, na si haki kuwalaumu warithi kumi wanaogawana nyumba moja yenye choo kimoja uani. Shirika la Nyumba nalo liliingia ubia wa aina hiyo kwenye viwanja vyake vya katikati ya jiji. Jengo la Salamander la Barabara ya Samora, la zama za Wajerumani, ni mojawapo ya yaliyotoweka katika wimbi hili.

Kasi ya kujenga ilikuwa na gharama nyingine. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine iliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kuta za Majid zimesimama tangu kabla ya Bismarck kuunganisha Ujerumani. Hii haina maana kwamba ujenzi wa zamani ni bora kuliko wa sasa. Ina maana kwamba jengo lililojengwa kwa kufuata uwezo wa vifaa vyake hudumu.

Sheria ya kulinda majengo ya kale ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalitambua kama kumbukumbu ya kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886. Mwaka huo ni muhimu sana kwa Dar es Salaam. Nyumba za Majid ziko ndani ya ulinzi huo moja kwa moja. Majengo ya Wajerumani na ya Uhindini yako nje, mpaka waziri mwenye dhamana ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Baadhi ya majengo ya katikati ya jiji yalitangazwa hivyo miaka ya 1990. Milango ina nafuu zaidi: mlango au fremu ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 inalindwa na sheria hiyo hiyo, hata kama nyumba iliyouzunguka haina ulinzi. Ndiyo sababu mlango wa kale wakati mwingine ni salama kisheria kuliko ukuta uliouzaa.

Ukarabati wa Boma la Kale ulikuja wakati ambapo Barabara ya Sokoine ilikuwa tayari imepata minara ya ghorofa zaidi ya 30, ukiwemo ule wa Mamlaka ya Bandari. Jengo lilikuwa mali ya Halmashauri ya Jiji. Kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Taasisi ya Goethe na Jiji lenyewe walishirikiana kulitengeneza na kulipa kazi mpya: Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo cha Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi DARCH, kilichofunguliwa mwaka 2017. Ndani yake mna maonyesho yanayosimulia jinsi mji ulivyojengwa tangu Mzizima, na kituo huandaa matembezi ya kuwaonyesha watu majengo ya kale ya katikati ya jiji.

Kutengeneza nyumba ya matumbawe ni kazi ya kutengua makosa kwanza. Kosa kubwa la karne ya 20 lilikuwa kuziba kuta hizi kwa saruji na rangi za plastiki. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Saruji huuzuia. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani, chumvi ya bahari huganda kwenye vitundu vya jiwe na kulisaga kuwa unga, na boriti zilizozikwa ukutani huoza vichwa. Kwa nje nyumba huonekana imara hadi siku sakafu inapozama. Kwa hiyo fundi huanza kwa kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, kubadilisha vipande vilivyooza, na kurudisha lipu ya chokaa kwa matabaka membamba. Haraka haikubaliki, na mafundi wanaoijua kazi hii wengi wako Zanzibar na Lamu. Dar es Salaam ingekuwa na mafundi wake kama nyumba za aina hii zingeendelea kutengenezwa badala ya kubomolewa.

Zanzibar na Lamu ndiko nyumba ya kale iliyokarabatiwa ilikopata bei yake yenyewe, mbali na bei ya kiwanja. Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mji huo ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Kujenga ghorofa ndefu huko kumezuiwa, kwa hiyo mnunuzi hana cha kununua ila nyumba yenyewe: kuta zake, mlango wake, kiwambo chake na mandhari kutoka darini. Jumba la Tharia Topan la Hurumzi, lililojengwa na tajiri wa karne ya 19, liligeuzwa hoteli na kuvuta wageni kwa miaka mingi. Njia hiyo nayo ina hasara. Lamu nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wanaozikalia wiki chache kwa mwaka, na familia zilizouza zimehamia pembezoni. Tena fedha ya utalii haitoshi kuokoa kila jengo: sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya kazi ya ukarabati, na kuua watu.

Katikati ya Dar es Salaam hali ni kinyume. Hakuna kikomo cha urefu kinacholinda nyumba fupi kama Mji Mkongwe, kwa hiyo nyumba ya kale iliyotengenezwa vizuri huuzwa kwa bei ya kiwanja, na gharama ya chokaa na fundi haimrudii muuzaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, humzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, hivyo soko la nyumba za mapumziko la Lamu haliwezi kuhamia hapa hata kama lingetakiwa. Mnunuzi ni raia au kampuni, na hesabu yake ni ya ghorofa. Nyumba mbili za Majid zimepona kwa sababu hazikufika mezani kwa mnunuzi huyo: moja ilibaki na mamlaka za umma, nyingine na shirika lililoinunua ili likae.

Kilichopungua basi ni kanuni ya mipango miji ambayo ingempa mwenye nyumba ya Uhindini faida ya kutoibomoa, kwa kumpunguzia kodi ya pango la ardhi, kwa mkopo wa ukarabati, au kwa ruhusa ya kuuza haki yake ya kujenga juu kwa kiwanja kingine. Miji mingine duniani hufanya hivyo. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyoshiriki kulikarabati Boma ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Ndiyo sasa inayosimamia vibali vya ujenzi vya Uhindini na Kariakoo. Kibali cha kubomoa nyumba yenye mwaka wa 1930 kwenye paji lake kinapitia mezani kwake, na hapo ndipo kinapopaswa kusimamishwa mpaka jengo lipimwe, lipigwe picha na lihukumiwe kwa thamani yake.

Mwenye nyumba ya zamani anayetaka kuuza, au warithi walio mbioni kusaini ubia, wana haki ya kufanya hivyo. Wanachoombwa ni kwenda kwanza Boma la Kale, kuwaomba wasanifu wa kituo waje kuitazama nyumba, na kuhakikisha mlango wowote ulionakshiwa kabla ya 1940 haung'olewi bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.